Tochi ya kichwani kwa kambi na safari za usiku: sita kwenye mizani moja

Saa saba usiku, pale Saddle Hut kwenye Mlima Meru, mita 3,570 juu ya usawa wa bahari, nilibonyeza tochi yangu ikatoa kamwanga kekundu kama chai ya rangi, kisha ikazima. Betri nilikuwa nimezitia mpya nyumbani Arusha siku mbili kabla. Kilichotokea nilikuja kukifahamu baadaye: sufuria ilikuwa imebana kitufe ndani ya begi, tochi ikawaka yenyewe mchana kutwa tangu kibanda cha chini cha Miriakamba, ikimulika soksi. Nikapanda hadi Rhino Point na kuendelea, mbele yangu askari wa hifadhi mwenye bunduki, nyuma yangu rafiki mwenye tochi nzima. Mwanga wa mtu aliye nyuma yako una adha yake. Kila hatua unakanyaga kivuli chako mwenyewe, na jiwe likiwa ndani ya kivuli hulioni mpaka likugonge.

Tangu siku ile nimenunua, nimeazima na nimekodi tochi za kichwani nyingi kuliko viatu. Hapa naziweka sita pamoja, tano zenye jina na moja isiyo na jina, kwa ajili ya mtu anayetafuta ya kupigia kambi na kutembea usiku katika milima na mapori yetu. Nyingine zinapatikana madukani Dar es Salaam, Arusha na Moshi, nyingine ni za kuagiza, na nyingine utazikuta mitumba pale Moshi, maana vifaa ambavyo wageni huwaachia wagumu mwisho wa safari mara nyingi huishia sokoni. (Wagumu ndilo jina wapagazi wa Kilimanjaro wanalojiita. Wamelitolea jasho.)

Kwanza namba za watengenezaji, tuzimalize. (18650 ni betri nene ya lithiamu ya kuchaji, mAh ni kiasi cha umeme betri inachobeba, na IP ni alama ya kinga ya maji: namba ya mwisho ikiwa kubwa, kinga ni kubwa.)

| Tochi | Betri | Lumeni za juu | Kinga ya maji | Mwanga mwekundu |
|---|---|---|---|---|
| Ya Kariakoo | 18650 moja au mbili | "100,000" za kwenye boksi | haikuandikwa | mara chache |
| Petzl Tikkina | AAA tatu | 300 | IPX4 | hakuna |
| Petzl Actik Core | betri ya Core, au AAA tatu | 600 | IPX4 | upo |
| Black Diamond Spot 400 | AAA tatu | 400 | IPX8 | upo |
| Nitecore NU25 (ya USB-C) | ya ndani, mAh 650 | 400 | IP66 | upo |
| Fenix HM65R | 18650 ya mAh 3,500 | 1,400 | IP68 | hakuna |

Ukiitazama safu ya lumeni peke yake, umeshachagua vibaya.

Lumeni zinadanganya hata zikiwa za kweli

Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye tochi. Haikuambii mwanga huo unafika wapi wala unadumu muda gani. Ili uone mbali mara mbili unahitaji mwanga mara nne, kwa hiyo tochi ya lumeni 600 haikuonyeshi mara mbili ya ile ya 300, inakuongezea kama asilimia 40 tu, tena ikiwa miali yake imekusanywa sawasawa.

Watengenezaji wakubwa hupima kwa kanuni moja inayoitwa ANSI FL1, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2009. Kanuni hiyo ina mambo mawili ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua. Umbali unaoandikwa, mathalani mita 100, unaishia pale mwanga unapokuwa umebaki lukisi 0.25, yaani sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu usio na mawingu. Maana yake ni kwamba usiku wa mwezi mpevu, mwisho wa mwali wako hauna tofauti na anga lilivyo. Ndiyo sababu utawaona waongozaji wa Kilimanjaro wakizima tochi na kutembea gizani kama paka pindi mwezi unapokuwa juu, huku wageni wao wakiwaka kama gwaride.

La pili linauma zaidi. Saa zinazoandikwa huhesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Tochi ya lumeni 600 iliyoandikwa "saa 2" haikuahidi lumeni 600 kwa saa mbili. Imekuahidi kwamba baada ya saa mbili utakuwa na 60. Kama zilishuka zote dakika ya kumi au zilishuka kidogokidogo, boksi halisemi.

Kwa hiyo tochi usiiulize inavyowaka. Iulize inavyozimika: inazimika ghafla au inakuaga, inazimika ukiwa wapi, na ikishazimika una nini mfukoni cha kuifufua. Tochi zote hizi sita zinawaka vizuri dukani.

Kuhusu kiasi cha kutosha, ndani ya hema lumeni 5 hadi 10 ni nyingi. Kupika na kutafuta kijiko, 20 au 30. Kutembea kwenye njia iliyokanyagwa, 50 hadi 100. Kwenye mawe makubwa au mahali ambapo njia imepotea, hapo ndipo 200 na zaidi zina kazi, kwa dakika chache, ukitafuta alama inayofuata. Mimi sijawahi kutembea saa nzima mfululizo na zaidi ya 150.

Usiku wetu una saa kumi na mbili

Maelezo mengi ya tochi hizi yameandikwa na watu ambao wakati wa kupiga kambi kwao ni kiangazi, na jua la kiangazi huko linakawia kuzama. Wanakaa gizani saa sita, wengine hawafiki. Sisi tuko karibu na ikweta. Mwaka mzima jua linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni na kurudi kwenye saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na magharibi yetu ni fupi: unaanza kumenya viazi ukiona, unamaliza kwa kupapasa. Usiku mmoja wa kambi ni saa mbili au tatu za tochi hata kama hutembei popote. Siku tano za kambi zinazidi saa kumi.

Halafu ongeza usiku wa kilele. Kilimanjaro, wanaotokea kambi za Barafu (mita 4,673) au Kibo (mita 4,720) huondoka kwenye saa sita usiku, ili alfajiri iwakute Stella Point au Gilman's Point, ukingoni mwa kreta. Hiyo ni giza la saa sita kwa mwendo wa pole pole, na saa hizo zinakuja mwishoni mwa safari, betri ikiwa imeshatumika siku nne au tano bila umeme wa kuaminika. Meru tunatoka Saddle Hut saa saba au saa nane. Ol Doinyo Lengai, kule karibu na Ziwa Natron, watu hupanda usiku kwa kukimbia jua, na ule mteremko mkali wa majivu hautaki mikono iwe na kitu kingine.

Kwa sababu hiyo mimi hulinganisha tochi kwa nishati iliyomo ndani kabla ya kutazama lumeni. Hesabu ni rahisi: mAh gawa kwa 1,000, zidisha kwa volti, unapata wati-saa. NU25 ina karibu 2.4. AAA tatu za kuchaji za mAh 750 ni 2.7 hivi. AAA tatu nzuri za alikalini hufika kama 4 zikitumika taratibu. Betri ya Core, ile ya kuchaji ya Petzl yenye mAh 1,250, ni 4.6. Ile 18650 ya Fenix inapita 12. Sasa chukua kwamba tochi nzuri hutoa lumeni 100 kwa kila wati moja (nyingi zinazidi hapo, hii ni hesabu ya mtu mwoga). Ukitembea na lumeni 60, NU25 inakupa saa 4, Core inakupa saa 7 na nusu, Fenix inakupa saa 20. Hapo unaona mara moja nani atakuacha chini ya Stella Point na nani atakurudisha mpaka getini.

Baridi

Kileleni Kilimanjaro alfajiri nyuzi 10 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na hushuka zaidi. Betri za alikalini zinachukia baridi kuliko zote. Zikifika nyuzi 20 chini ya sifuri hupoteza karibu nusu ya uwezo au zaidi. Hazijaisha, zimeganda tu. Ukizitia kwapani nusu saa zinafufuka, lakini nani ana nusu saa saa kumi alfajiri? Betri za kuchaji za lithiamu zinastahimili vizuri zaidi, ingawa nazo zinapungua. Zinazodharau baridi kabisa ni AAA za lithiamu zisizochajiwa: zinafanya kazi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, na ni nyepesi kuliko alikalini kwa kama theluthi moja. Bei yake ni ya kuumiza, na zina volti ya juu kidogo zikiwa mpya, kwa hiyo soma karatasi ya mtengenezaji uhakikishe tochi yako inazikubali.

Na zile betri za rimoti za bei ya pipi, zenye ganda la karatasi? Hizo ni kaboni na zinki. Ziache kwenye rimoti.

Kanuni moja ambayo wengi hawaijui ni kwamba betri ya lithiamu ya kuchaji isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa sababu inaharibika ndani. Usiku wa baridi lala nayo ndani ya begi la kulalia, pamoja na simu na pawabenki, uichaji ikishapata joto la mwili wako.

Ya Kariakoo

Muuzaji aliniambia, "Dada, hii ukiiwasha Mbagala, Kigamboni wanaamka." Nililipa elfu kumi na nane. Boksi limeandikwa lumeni laki moja. Kwa kulinganisha, taa moja ya mbele ya gari yenye balbu ya H4 hutoa lumeni 1,000 hivi kwa mwanga wa chini na 1,650 kwa mwanga wa juu. Laki moja ni magari hamsini yamekuelekea na mwanga wa chini, taa mbili kila gari. Ukweli wake kwa macho yangu ni mia mbili au mia tatu, si mbaya, kwa dakika ishirini za mwanzo.

Betri zake ndizo kichekesho. Zimeandikwa mAh 9,900. Betri nzuri kabisa za 18650 ziko kati ya 3,000 na 3,600, na chache za karibuni zimegusa 4,000. Betri ya kweli ya aina hii ina uzito wa gramu 45 hadi 48. Zangu nilizipima kwenye mizani ya kupimia unga wa keki, hazikufika 30. Nyingine zikifunguliwa hukutwa na kibetri kidogo katikati na unga wa kujazia pembeni.

Hata hivyo sitaki kuinyanyapaa. Mwanga wake unasogezwa mbali na karibu kwa kuvuta kioo, kitu ambacho baadhi ya tochi za bei hazina. Kwa zizi la mbuzi, kwa genge la chipsi umeme ukikatika, kwa fundi pikipiki, kwa mvuvi anayejua kwamba maji yataiua baada ya msimu mmoja, ni ununuzi wa akili. Tatizo ni mlima. Kitufe ni kimoja na kinawaka kikiguswa, na ili uizime lazima upite kwanza kwenye mwanga wa kumetameta unaotia kichefuchefu watu waliokwisha kulewa urefu. Mkanda unalegea ukilowa jasho. Halafu betri zisizo na kinga ndani yake usizichaji usiku umelala, na ndani ya hema usizichaji kabisa.

Kama hiyo ndiyo uliyonayo, nunua betri ya 18650 ya kweli, toa betri ukiwa njiani mchana, na beba tochi ya pili. Itakufikisha.

Tikkina: ya kila mtu

Petzl ni Wafaransa, na mwanzilishi wao Fernand Petzl alikuwa mtu wa mapangoni. Zoom, tochi yao ya kichwani iliyobeba kila kitu kwenye mkanda, ilitoka mwaka 1981. Tikka ya mwaka 2000 ndiyo iliyowazoesha watu taa ndogo za LED kichwani. Tikkina ni mdogo wao wa bei nafuu: kitufe kimoja, mwanga wa ngazi tatu, AAA tatu, basi. Huko zinakouzwa huanzia dola 25 au 30.

Haina mwanga mwekundu. Mwali wake ni mpana na hauendi mbali. Lakini nimempa mama yangu mzazi, nimempa mtoto wa miaka minane, na hakuna aliyeuliza maelekezo. Kwa familia inayokwenda kupiga kambi mara mbili kwa mwaka, Magamba kule Usambara au ufukweni, sioni sababu ya kulipa zaidi. Tena inapokea betri ya Core, ukija kunogewa unainunua peke yake.

Actik Core na Spot 400: hapa ndipo penye mzozo

Hizi mbili ndizo watu huniuliza, na jibu langu limebadilika mara mbili.

Spot 400 ya Wamarekani wa Black Diamond inashinda kwa kinga ya maji. IPX8 maana yake inaweza kuzama zaidi ya mita moja ikatoka hai, wakati IPX4 ya Actik Core ni kinga ya kurushiwa maji tu. Mvua za masika kwenye msitu wa Uluguru zinakufanya ulifikirie jambo hilo, ingawa kwa uaminifu Actik Core yangu imenyeshewa mara nyingi na haijawahi kulalamika. Maji ya kuzamia unayakuta kwenye mtumbwi na kwenye kuvuka mito. Kama safari zako ni za aina hiyo, mjadala umekwisha, chukua Spot.

Spot ina pia kufuli: unabonyeza na kushikilia, kitufe kinakufa mpaka ukifungue. Baada ya kisa cha Meru mnajua ninavyolithamini hilo. Ina sehemu ya kugusa ubavuni, ukiipapasa kwa kidole inaruka mwanga wa juu, ukipapasa tena inarudi. Raha yake ni kubwa pale unaposikia kitu kimevunja kijiti gizani. Kwa glovu nene, hata hivyo, mguso huo ni bahati nasibu, na kumbukumbu ya vitufe vyake inahitaji mtu aliyelala vizuri. Saa tisa usiku kwenye mita 5,000 ubongo wako una miaka mitano. Nimemwona mtu mzima, mhandisi, akishindwa kutoka kwenye mwanga mwekundu wa kumetameta mpaka mwongozaji akamvua tochi na kumrekebishia kama anayemfunga mtoto kamba za viatu.

Actik Core ina kitufe kikubwa kimoja kinachobonyezeka hata kwa glovu. Mwali wake umechanganywa, mpana kwa miguuni na mwembamba kwa mbele, na mchanganyiko huo ndio miguu inaoutaka. Ila nguvu yake kubwa iko kwenye betri. Unatembea na ile ya kuchaji, na ikikuishia unafungua, unaichomoa, unatia AAA tatu, unaendelea. Betri hizo zinapatikana hata dukani Marangu au Mto wa Mbu, mahali ambapo kutafuta betri maalumu ni kutafuta sindano kwenye mchanga. Betri ya Core unaichaji ikiwa nje ya tochi, kwa tundu lililo kwenye betri yenyewe, kwa hiyo tochi inaweza kuendelea kuwaka kwa AAA wakati Core inakula umeme wa pawabenki. Bei yake inaizidi ya Spot kwa mbali, na hapo ndipo kiini cha mzozo kilipo.

Uamuzi wangu kwa sasa: kwa Kilimanjaro, Meru na Mlima Kenya, Actik Core. Kwa mtu wa misitu yenye mvua, mito na mitumbwi, au asiyetaka kubeba chaja kabisa, Spot 400. Mtu akinibishia kwenye hili sitakesha naye.

NU25: nyepesi mpaka unaisahau

Toleo la UL, lenye kamba mbili nyembamba badala ya mkanda, lina gramu 45 kila kitu kikiwemo. Hilo ni kama yai dogo. Inachajiwa kwa USB-C ile ile ya simu, ina kufuli, ina mwekundu. Kwa usiku mmoja wa Pugu au matembezi ya alfajiri ni kifaa kitamu sana.

Betri yake lakini iko ndani na haitoki. Ikiisha, imeisha, na utaivaa ikiwa na waya wa pawabenki unaoning'inia shingoni kama mgonjwa wa dripu. Kwa zile wati-saa 2.4 siwezi kumshauri mtu aende nayo peke yake usiku wa kilele. Kama tochi ya pili haina mshindani, na tochi ya pili ni kitu cha lazima. Wengi wanabeba betri za akiba tu, halafu wanagundua kwamba kubadili betri gizani kunahitaji tochi.

HM65R: ya mwenye kazi

Fenix hii ina mwili wa magineziamu na taa mbili mbele, moja ya mbali na moja ya karibu, kila moja na kitufe chake. Unawasha hii, au ile, au zote. Lumeni 1,400 hutazitumia ila kwa sekunde chache za majivuno. Faida yake halisi ni kwamba kwenye mwanga mdogo inadumu usiku mbili na zaidi, na mwanga haupungui kwa wasiwasi. Mwongozaji anayepandisha watu mara tatu kwa mwezi, mtu wa uokoaji, mtafiti wa popo au vyura anayekesha Udzungwa: hao ndio wenye haki nayo.

Inavuka gramu 130 ikiwa na betri, na mtu mwenye kichwa kinachouma kwa urefu atazihisi zote. Na haina mwanga mwekundu, jambo ambalo kwa bei hiyo linaniudhi kila ninapolikumbuka.

Kwa nini ninang'ang'ania mwekundu

Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na mwanga mweupe wa sekunde moja unayafuta yote. Chembe za jicho zinazoona gizani karibu hazishituliwi na mwekundu. Ukiwa nao unaweza kusoma ramani, kutafuta karatasi ya chooni na kurudi, na nyota zikawa bado zipo. Pia wenzako watakula bila kupofushwa kila unapogeuka kuwasemesha. Kambini unamjua mgeni wa tochi kwa jinsi anavyokutazama usoni.

Kisha kuna kumbikumbi. Mvua za kwanza zikinyesha, washa mwanga mweupe kichwani ukiwa unakula, uone. Mwekundu huwavuta wadudu kidogo sana kuliko mweupe, na wali unabaki wali.

Mweupe nao una mahali pake. Kambi za umma ndani ya Serengeti, kama zile za Seronera, hazina uzio, na fisi hupita kati ya mahema kama walinzi wa zamu. Kabla ya kutoka hemani fungua zipu kidogo, washa mwanga wa juu, mulika duara zima polepole. Macho ya wanyama wengi wa usiku yana ngozi ya nyuma inayorudisha mwanga, na kwa kuwa tochi iko sambamba na macho yako, mng'ao unakurudia moja kwa moja. Tochi ya mkononi iliyoshikwa kiunoni haikupi hilo vizuri. Vimacho vidogo vya kumeta chini kwenye nyasi mara nyingi ni buibui. Mawili makubwa yaliyo juu, yametulia, hayapepesi: funga zipu, haja itasubiri.

Ukungu unageuza mambo. Mwanga ulio karibu na macho unapiga matone na kukurudia, unatembea ndani ya ukuta mweupe. Pumzi yako mwenyewe kwenye baridi inafanya vivyo hivyo. Punguza mwanga, vua tochi, ishike usawa wa kiuno. Hapo mkanda unaovulika haraka una thamani kuliko lumeni mia mbili.

Ukiwa dukani

Vaa glovu utakazopandia, fumba macho, uiwashe, uipunguze, uizime. Iinamishe mara kumi: bawaba ikiwa laini leo, kesho itakuwa inaangalia kifua chako. Fungua sehemu ya betri bila kutumia kucha. Kama unakodi Moshi au Arusha, usikubali kuonyeshwa inavyowaka tu, uliza betri zimetiwa lini, kisha ujibu mwenyewe kwa kutia zako.

Mimi sasa natembea na Actik Core, AAA tatu za lithiamu ndani ya soksi mfukoni, na NU25 shingoni chini ya sweta. Mchana, tochi inapoingia begini, betri inakaa mfuko mwingine. Sufuria naibeba bado ile ile.